Mtaalamu wa lishe ni nani na anafanya nini? Maswali mnayouliza kila kukicha

Nimekaa kwenye kazi hii miaka ya kutosha na maswali ni yale yale, anauliza abiria mwenzangu, anauliza mgonjwa, anauliza shemeji kwenye harusi huku kashika sahani. Sasa nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Majibu mengine marefu mengine mafupi, mnivumilie.

Mtaalamu wa lishe ni nani, kwa kifupi?

Ni mtu aliyesomea chakula kinavyofanya kazi mwilini, alafu akajifunza namna ya kuyaweka hayo aliyosoma kwenye sahani ya mtu mwenye maisha yake, mfuko wake, ratiba yake na vitu ambavyo hata umlipe havili. Hiyo nusu ya pili ndo ngumu. Kujua kwamba gramu 1 ya mafuta inatoa kalori 9 na gramu 1 ya wanga au protini inatoa 4, hiyo hata mwanafunzi wa sekondari anakariri usiku mmoja. Ila kukaa na mtu anayerudi nyumbani saa nne usiku kachoka, jikoni hamna hata mtu, na kumsaidia kesho yake ale vizuri kidogo kuliko jana bila kumfanya ajione mkosaji, hapo ndo kazi ilipo.

Neno "lishe" lenyewe lina maana gani, si ni chakula tu?

Hapana, na Kiswahili kimetusaidia sana hapa. Tuna kula, kutoka hapo tunapata kulisha, alafu ndo lishe. Anayekula yuko peke yake, ila kwenye kulisha wako wawili, kuna anayelisha na kuna anayelishwa, na hapa anayelishwa ni mwili. Chakula ni kile kilichoko kwenye sahani, mlo ni pale unapokaa ukala, lishe ni vile mwili unavyokivunja hicho chakula, unakifyonza, unajenga misuli na mifupa na damu, unapata nguvu, unapigana na magonjwa. Ndo mana mtu anaweza kushiba kila siku ya Mungu na lishe yake ikawa mbovu kabisa, na wala hajui.

Wazungu nao neno lao la lishe limetoka kwenye Kilatini, nutrire, maana yake kunyonyesha au kulea, yaani tumekutana njiani. Na neno dayati lilianzia Kigiriki, diaita, namna ya kuishi. Hiyo naipenda sana maana siku hizi mtu akikwambia yuko kwenye dayati ujue ni wiki mbili za mateso alafu anarudi alikotoka.

Nutrishonisti na dayatishani ni mtu mmoja?

Wote wanahusika na lishe ila sio lazima wawe kitu kimoja, na Kiswahili tunawachanganya kwa sababu wote tunawaita wataalamu wa lishe. Wengine sasa wanasema mtaalamu wa lishe tiba kwa yule dayatishani, na mimi naona ni jina zuri maana linasema kazi yake: anatumia chakula kama sehemu ya matibabu, yuko wodini, anajua kukokotoa chakula cha mgonjwa anayelishwa kwa mrija, anakaa meza moja na daktari na nesi.

Nutrishonisti jina lake ni pana. Anaweza akawa mtu mwenye shahada tatu anayepanga sera ya lishe ya nchi nzima, anaweza akawa anafanya kazi kiwandani, anaweza akawa anafundisha chuo, na bahati mbaya anaweza akawa mtu aliyesoma kozi ya mtandaoni wikiendi moja. Kwa nini iwe hivyo? Sheria. Mfano Uingereza, jina dayatishani linalindwa na sheria, huwezi kujiita bila kusajiliwa na baraza linaloitwa HCPC, ukijiita ni kosa. Ila nutrishonisti halilindwi, kuna rejista ya hiari tu inayosimamiwa na Association for Nutrition, anayetaka anaingia, asiyetaka anaendelea na maisha yake. Marekani dayatishani aliyesajiliwa anafanya mtihani wa taifa, na tangu tarehe 1 Januari 2024 hata kuukalia huo mtihani lazima uwe na shahada ya uzamili. Jina nutrishonisti huko inategemea uko jimbo gani.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anasema mimi nutrishonisti, usikimbie wala usimwamini papo hapo, muulize tu umesoma wapi, umesajiliwa na nani. Mtaalamu wa kweli haoni vibaya kuulizwa, tena anafurahi.

Ivi siku ya kwanza nikienda atanifanyia nini?

Watu wengi wanakuja wamejiandaa kugombezwa. Mtu anaingia, kabla hajakaa anasema "najua nakula vibaya". Pole pole jamani, hakuna kesi.

Kwanza atakupima, uzito, urefu, saa ingine mzunguko wa kiuno au wa mkono. Ataangalia majibu ya maabara kama unayo, wingi wa damu, lehemu (kolesteroli), figo, sukari, na kwenye sukari kuna kipimo kinaitwa HbA1c ambacho kinaonyesha wastani wa kama miezi mitatu iliyopita, hicho kizuri maana huwezi kukidanganya kwa kula vizuri jana. Alafu anakuangalia wewe mwenyewe, macho yamepauka au la, kucha, nywele, ngozi, vidonda pembeni mwa mdomo, miguu imevimba. Mwili unasema vitu vingi mwenyewe akiwa bado anatafuta pa kuanzia.

Ndo tunakuja kwenye maswali, na hapo ndo muda mwingi unaisha. Tunakuuliza masaa 24 yaliyopita, toka umeamka jana mpaka umeamka leo, kila kilichopita mdomoni. Tunarudia mara ya pili na ya tatu maana mara ya kwanza mtu anataja vyakula tu, vinywaji kavisahau, mafuta ya kupikia kayasahau, mabaki ya mtoto aliyoyamalizia yeye hayo ndo hayamo kabisa. Sio kwamba wanadanganya, ni kwamba kumbukumbu ya binadamu inahesabu milo, haihesabu kuonja.

Nitawapa mfano mmoja. Alikuja mama mmoja anasema sili kitu ila nanenepa, na kweli milo yake ilikuwa midogo sana mpaka nikaanza kufikiria tumpime tezi ya shingo. Mwishoni nikauliza, chai unakunywa? Akasema aah chai tu. Vikombe vingapi, sita, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Piga hesabu, vijiko 18, kijiko kimoja kama gramu 4, hizo ni gramu 72 za sukari kwa siku, karibu kalori 290. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayetumia kalori 2,000 ni gramu 50. Yeye kwenye chai peke yake keshapitiliza na bado kwa maoni yake hajala kitu! Sikumkataza chai. Tulishuka toka vijiko vitatu hadi viwili, wiki kadhaa baadae kimoja, ulimi ukazoea, tukaenda hivyo hivyo.

Kwa nini usinipe tu ratiba ya chakula nikaondoka?

Hili swali naulizwa kuliko yote na najua jibu langu haliwafurahishi. Ratiba ninayo, ningeweza kuichapa nakala mia. Shida ni kwamba ratiba niliyoiandika bila kukujua nimemwandikia mtu ambaye hayupo. Inasema saa nne asubuhi kula tunda, wewe saa nne uko kwenye pikipiki. Inasema samaki wa kuchemsha, wewe samaki ukimnusa tu unatapika. Utaifata siku nne, ya tano utaiacha, alafu utajilaumu wewe wakati wa kulaumiwa ni ratiba.

Ndo mana nasema mtaalamu anayekukataza vyakula kabla hajakuuliza unakula nini hajaanza kazi bado. Ratiba inakuja, ila inakuja mwisho, na inatoka kwenye vitu unavyokula tayari, tunasogeza hiki, tunapunguza kile, tunaongeza kimoja. Mara nyingi mabadiliko ya ziara ya kwanza ni mawili au matatu tu, mtu anaondoka anashangaa, ndo hayo tu?

Anaweza kuniandikia dawa au kuniambia naumwa nini?

Kugundua ugonjwa ni kazi ya daktari, na dawa kwa kawaida anaandika daktari. Mtaalamu wa lishe anagundua tatizo la lishe, mfano kwamba hupati madini chuma ya kutosha, au protini unayokula haitoshi kuponya kidonda ulicho nacho. Akiona kitu kinanuka ugonjwa anakurudisha kwa daktari. Mtaalamu anayekwambia acha dawa za presha utumie chakula, ondoka hapo hapo.

Kwani si ni watu wa kupunguza unene tu?

Haya, hapa nina hasira kidogo mniwie radhi. Unene ni kipande kimoja tu cha kazi. Nendeni wodini muone.

Mtu wa figo, kwa mfano. Ushauri wote mnaousoma mitandaoni, kula ndizi, kula nyanya, kula mboga za majani kwa wingi, kwa mgonjwa ambaye figo zimechoka unaweza ukampeleka pabaya, sababu vyakula hivyo vina potasiamu na figo mbovu haiwezi kuitoa, ikijaa kwenye damu moyo unaweza ukasimama. Tena protini, kabla hajaanza kusafishwa damu mara nyingi anapunguziwa, akishaanza kusafishwa anaongezewa maana mashine inamnyang'anya. Mgonjwa ni yule yule, figo ni zile zile, ushauri umegeuka juu chini. Sasa jirani anayekupa ushauri wa figo unadhani anajua hilo?

Au chukua mtu aliyekaa muda mrefu bila kula, labda alikuwa mahututi au amekonda sana kwa ugonjwa. Ndugu wanakuja na mahotpoti, kula ndugu yetu, kula upate nguvu. Roho nzuri kabisa, ila mwili ulioshinda na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, insulini inapanda, fosfeti na potasiamu na magnesiamu vinakimbilia ndani ya seli, kwenye damu vinashuka ghafla na mtu anaweza kufa akiwa ndo kwanza ameanza kula. Madaktari waliliona hili kwa watu waliotoka kwenye kambi za wafungwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliokoka njaa wakauliwa na shibe. Kwa hiyo tunaanza kidogo, tunapima damu, tunapandisha taratibu. Ndugu wananiona mchoyo, sina la kufanya.

Na bado sijamtaja mwenye kisukari, mjamzito, mwenye saratani ambaye kila kitu kina ladha ya chuma, mzee asiye na meno, mtoto ambaye utumbo wake unadhurika na ngano.

Mtoto wangu anakula vizuri ila mwembamba, nimpeleke?

Mpeleke, kumuangalia hakudhuru. Kwa watoto hatuangalii wembamba kwa macho, tunaangalia mstari wa ukuaji, anapanda au amesimama. Mtoto mwembamba anayepanda mstari wake vizuri anaweza kuwa mzima, na mtoto mnene anayeonekana amevimba mashavu anaweza kuwa ndo mgonjwa.

Kuna kile kiutepe cha rangi cha kuzungusha mkono wa juu, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Ikisoma chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri. Utepe ni kama mchezo lakini umeokoa watoto wengi sana maana hauhitaji mizani wala umeme, hata mama anafundishwa akapima mwenyewe. Na miguu yote miwili ikivimba, ukibonyeza panabaki shimo, usisubiri utepe, hiyo inaweza kuwa kwashakoo. Jina hilo limetoka kwenye lugha ya Kiga ya Ghana, daktari Cicely Williams ndo aliliingiza kwenye vitabu vya tiba miaka ya 1930, na maana yake ni ule ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa. Yaani kina mama walishajua chanzo, mtoto kaachishwa ziwa ghafla kapewa uji mtupu, sayansi ilikuja kuwasikiliza tu.

Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji hapana, alafu vyakula vingine huku ananyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

BMI ni kitu cha kuamini?

Nusu nusu. Unachukua uzito kwa kilo unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye mita 1.75 anapata karibu 22.9. Kati ya 18.5 na 24.9 ni kawaida, 25 kwenda juu uzito umezidi, 30 na kuendelea unaitwa unene uliopitiliza. Aliyeanzisha hesabu hiyo alikuwa mtu wa takwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, karne ya 19, na alikuwa anachunguza makundi ya watu, sio mtu mmoja mmoja. Jina BMI lilikuja baadae sana, 1972, kwa mwanasayansi wa Marekani Ancel Keys. Kwa hiyo haijui misuli wala mafuta, mnyanyua vyuma anaweza kuambiwa mnene. Mjamzito haitumiki, mtoto ana chati zake. Mi natumia kama mlango wa kuingilia tu, alafu napima kiuno.

Siumwi chochote, nina sababu ya kwenda?

Kama unapanga kubeba mimba, ndio, tena mapema. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku inatakiwa ianze kabla ya mimba iendelee mpaka wiki ya 12, sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga wiki za mwanzo kabisa wakati wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Kama umeacha nyama, mayai na maziwa vyote, ndio, kwa ajili ya vitamini B12. Kama kwenu kisukari kinatembea kwenye ukoo, ndio. Vinginevyo sio lazima.

Hii taaluma ilianza lini?

Kula kulikuwepo siku zote lakini mmoja wa watu wa kwanza kufanya jaribio lenye akili ni daktari wa meli, James Lind, 1747, kwenye meli ya HMS Salisbury. Mabaharia walikuwa wanakufa kwa kiseyeye, fizi zinatoka damu, vidonda havifungi. Akachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa kitu tofauti, siki, maji ya bahari, vitu vya ajabu ajabu, na jozi moja machungwa na malimau. Hao wa machungwa walipona ndani ya siku chache. Sasa cha kushangaza, jeshi la majini la Uingereza lilianza kutoa maji ya limau kwa utaratibu 1795, miaka 48 baadae! Nikiona mgonjwa wangu anachelewa kufata ushauri wiki tatu nakumbuka hiyo nanyamaza.

Ya pili ninayoipenda ni ya kuku. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi, alikuwa kisiwa cha Java (leo Indonesia) mwishoni mwa karne ya 19 anatafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu. Kuku wa maabara wakaanza kuumwa kama wagonjwa wake, miguu inalegea, alafu ghafla wakapona wenyewe. Kumbe walikuwa wanapewa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, akaja mpishi mpya akakataa, mchele wa jeshi hawezi kuwapa kuku wa raia, wakarudishwa kwenye mchele usiokobolewa. Kile kilichokuwa kwenye ganda ndo leo tunaita vitamini B1. Eijkman akapata Nobel 1929, mpishi hakupata kitu. Neno vitamini lenyewe lilitungwa na mwanakemia Casimir Funk mwaka 1912. Na chama cha madayatishani wa Marekani kilianzishwa 1917 kule Cleveland, kwa hiyo kama taaluma yenye jina ni mtoto mdogo tu ukilinganisha na udaktari.

Ndo mana mnabadilika badilika? Leo mayai mabaya, kesho mazuri.

Hahaa, hili nalikubali kwa sehemu. Mayai kweli, miongozo ya Marekani ilikuwa inasema lehemu ya kwenye chakula isizidi miligramu 300 kwa siku, toleo la 2015 likaiondoa hiyo namba maana ushahidi ulionyesha kwa watu wengi lehemu ya damu inapandishwa zaidi na aina ya mafuta unayokula kuliko lehemu iliyoko kwenye yai. Sayansi ikikosea inajisahihisha, ndo inavyotakiwa.

Ila vingi havijabadilika hata kidogo, mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku, chumvi chini ya gramu 5, nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake. Haya hayaandikwi kwenye vichwa vya habari sababu hayana drama.

Vidonge vya vitamini nimeze?

Kama kuna sababu, meza. Sababu nimetaja baadhi hapo juu, na kuna wenye upungufu wa damu uliopimwa, kuna wasioona jua wakahitaji vitamini D. Bila sababu mara nyingi unatengeneza mkojo wa gharama. Na sio kwamba havina madhara, vitamini A, D, E na K zinahifadhiwa mwilini, A ikizidi kwa mjamzito inamdhuru mtoto tumboni. Kuna utafiti Finland kwa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, matokeo yakatoka 1994, waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa, kama asilimia 18 zaidi. Ile ile beta-karotini iliyoko kwenye karoti. Karoti haikuwahi kumdhuru mtu hivyo.

Na juisi za kutoa sumu?

Una ini na una figo mbili, figo peke yake zinachuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku bure. Juisi kunywa kama unapenda juisi.

Chakula na dawa vinaweza kugombana?

Vinagombana sana na watu hawaambiwi. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, mboga za kijani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, lakini jibu sio kuziacha, jibu ni kula kiasi kile kile kila wiki ili dozi ikae sawa. Balungi na baadhi ya dawa za lehemu kama simvastatin haviendi pamoja, dawa inapanda kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Vidonge vya tezi, levothyroxine, vinataka tumbo tupu. Chai na vidonge vya kuongeza damu viachanishe kama saa moja au mawili, chai inazuia madini chuma, ila chungwa linasaidia yaingie.

Wanafanya kazi hospitali tu?

Wengi wako nje. Shule, majeshi, timu za mpira, viwanda, kambi za wakimbizi, wizarani. Saa ingine kazi kubwa kabisa ya lishe hata huioni. Uswisi walianza kuweka madini joto (ayodini) kwenye chumvi 1922, Marekani 1924, rovu, ule uvimbe wa shingo, ikapungua kwa mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukutana na mtaalamu wa lishe hata mmoja.

Nataka kusomea, nijiandae na nini?

Baiolojia na kemia, hasa kemia, usiikimbie. Chuoni utakutana na biokemia, fiziolojia, sayansi ya chakula, takwimu, na somo la kuongea na watu ambalo wanafunzi wanalidharau alafu ndo linawatesa kazini. Shahada ya kwanza mara nyingi miaka 3 au 4, na ukitaka lishe tiba kuna mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, Marekani mfano hayapungui masaa 1,000.

Tapeli nitamjuaje?

Angalia anauza nini. Kama ushauri wake wote unaishia kwenye kopo analouza yeye, huo ni ushauri wa kopo. Wa pili ni yule anayeahidi kilo 10 kwa wiki. Tupige hesabu, kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kilo 10 ni 77,000, gawa kwa siku 7 ni 11,000 kwa siku, wakati mtu wa kawaida anatumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima. Hata ukifunga kabisa mdomo haiwezekani. Kinachotoka wiki ya kwanza ni maji kwa wingi, na maji yanarudi.

Nyie wenyewe mnakula vizuri kweli?

Siku nyingi ndio. Keki ya birthday nakula na siombi msamaha.

Nije na nini?

Dawa zako zote kwenye pakiti zake, pamoja na zile za mitishamba na za kopo ambazo unaona aibu kuzitaja. Majibu ya maabara hata ya zamani. Kadi ya mtoto kama ni mtoto. Andika ulichokula siku tatu, moja iwe ya wikiendi, na kikombe chako cha chai kipige picha maana "kikombe" cha mtu mwingine ni jagi. Kama anayepika nyumbani ni mtu mwingine mje wote, nimeshaongea na waume wengi wanaoitikia kila kitu alafu mafuta yanamiminwa na mtu ambaye sijawahi kumuona. Na tafadhali, usianze kula vizuri siku mbili kabla ya kuja kwangu, nataka kuiona sahani yako ya kila siku.